Pambizoni

Kitabu hakina jalada. Kilinunuliwa shilingi kumi na tano
kwa mwuza magazeti ya zamani pale stesheni ya Nakuru,
mwaka ule pareto ilipoanza kukosa bei.
Ni riwaya ya chombo kiendacho kwenye nyota,
na nahodha, na mashine zisemazo kwa adabu,
na mama wa nahodha
aliyepewa kurasa mbili, halafu kifo.

Mama yangu, Rasoa Khasandi, alikisoma zamu ya usiku
kiwandani, ameketi juu ya gunia,
vumbi la maua makavu likimwasha mikono,
macho yakitoa machozi ambayo hayakuwa kilio.
Alisoma na penseli ya seremala,
ile bapa, ya kuchongwa kwa kisu.

Ukurasa wa tisa, mama wa nahodha amesimama mlangoni.
Mwandishi anasema alipunga mkono. Basi.
Pambizoni, kwa mwandiko ulioinama kama mtu aliyebeba kuni:
"Amekula?"
Chini yake: "Nani alimlipia huyu kijana karo?"
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo:
"Jina lake nani."
Bila alama ya kuuliza, kana kwamba analijua
ila anangoja mwingine alitaje.

Ukurasa wa arobaini na moja kuna hesabu.
Riwaya inaeleza kwamba aendaye kasi namna ile
huzeeka polepole; mwaka wake mmoja
ni miaka mingi ya waliobaki chini.
Wasomi hushangaa hapo. Mama hakushangaa.
Aliandika: "Kweli. Wafubwa alisema wiki mbili, Kitale."
Wafubwa ni baba yangu. Mimi nilikuwa tumboni.
Kisha akazidisha, akagawa, akabeba moja,
na jibu, nilipolikagua,
lilikuwa umri wangu wa mwaka ule.

Nafundisha fizikia Kisumu.
Miaka kumi na mmoja nimeieleza kasi ya mwanga kwa chaki,
nikachora treni, nikachora saa mbili,
watoto wa kidato cha nne wakapiga miayo.
Sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili nahodha anarudi.
Anakuta jiji la vioo, hakuna anayemjua,
na sentensi moja: Mama yake alikuwa amekwisha kufa.
Penseli imeikata mara tatu, karatasi imetoboka.
Juu yake: "Uongo. Ameenda Wakulima kununua omena.
Anarudi sasa hivi. Huyu kijana akae, avue viatu."

Tulimzika Jumamosi, huko Webuye,
mvua ikitusukuma mgongoni kama karani mwenye haraka.
Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu:
alizaliwa, akabatizwa, akaajiriwa kiwandani,
akajaliwa mtoto mmoja, akaugua, akapumzika.
Mistari saba. Niliihesabu.
Nikapapasa mfukoni kutafuta penseli,
nikapata risiti ya jeneza na kipande cha chaki.

Sasa niko chumbani kwake, Bondeni,
majirani wamechukua viti vyao walivyotuazima,
redio ya mtu inataja bei ya mahindi.
Penseli nimeiona ndani ya kopo la chumvi,
imebaki urefu wa kidole gumba.
Nimeichonga kwa kisu cha sukuma.
Nimerudi ukurasa wa tisa.

Jina sijaliandika. Jina halikimbii.
Nimeanza na swali la juu,
ingawa mpaka sasa sijui alimuulizia nani,
mwana anayepanda ngazi au mama aliye mlangoni.
Nimeandika kando yake, mkono ukiinama kama wake:
Bado.
Maji ya ugali ndiyo kwanza yanachemka.